Nilivyokipaka Rangi Chumba cha Mama

Mimi nina tabia ya kumalizia watu maneno. Ninayo tangu utotoni, na mume wangu ameshaizoea. Akiwa na jambo refu la kusema hulisema akiwa amenipa kisogo, nisiuone mdomo wake nikajua anakoelekea. Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo mambo ya chumba cha mama yasingetokea, na hadi leo nikiyakumbuka nashika kichwa.

Mama alipatwa na kiharusi nyumbani kwake Susuni, mwaka ule dhahabu ilipofumuka na kila mwenye mikono miwili akakimbilia mashimoni. Kaka zangu wote walikuwa huko, vumbi hadi kwenye kope. Baba alikuwa ameshafariki. Susuni hakubaki mtu wa kumkorogea mama hata uji. Baada ya wiki tatu za hospitali Mugumu nikamchukua nikamleta kwangu, kijiji kisicho mbali na hapo. Mkono na mguu wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umekwenda upande, na maneno yalimtoka moja moja, taratibu kama mtu anayechambua mchele.

Chumba cha kumlaza kilikuwa kimoja tu, nacho ni stoo yetu ya mahindi. Kitanda kilipoingia ilibaki nafasi ya kigoda na mtu mmoja aliyesimama. Dirisha halikuwepo, maana nani anawekea mahindi dirisha? Kulikuwa na tundu la hewa juu karibu na bati, ukubwa wa tofali. Kuta zilikuwa za udongo, nyeusi kwa uchafu wa miaka.

Siku ya kwanza tu mama alitazama huku na huku, akasema, "Kuta... hizi..."

"Zimekubana mama, najua," nikamdakia. "Chumba ni kidogo. Nitakifanyia mpango."

Kesho yake alikataa uji. Siku ya tatu alisema maneno mawili ambayo hayakuhitaji msaada wangu: "Nirudishe. Susuni."

Niliogopa sana. Kumrudisha Susuni ilikuwa ni kumpeleka akafe peke yake. Kumwacha humu ndani akigoma kula ilikuwa kifo kilekile, tena mbele ya macho yangu. Lazima hiki chumba kimpendeze, nikasema, hata kama nitakivuta kuta kwa mikono.

Mume wangu ni fundi ujenzi. Mtu angedhani shida imekwisha. Lakini sisi ni Wakurya, na kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kukanyaga anapolala. Kule kumleta tu mama chini ya bati moja na mkwe wake kulizua maneno kwenye ukoo, tukakubaliana kwamba mama atumie mlango wa nyuma na mume wangu asipite upande ule bila kukohoa. Kwa hiyo fundi aliyejengea watu nyumba kuanzia Nyarero hadi Mugumu alikuwa na chumba kimoja duniani asichoweza kukigusa, na kilikuwa ndani ya nyumba yake. Mafundi wengine walikuwa mashimoni wanatafuta utajiri.

"Tutoboe dirisha," alisema, kanipa kisogo.

"Wezi," nikamkata. Kijiji kilikuwa kimejaa watu ambao hakuna aliyejua walikotoka. Nilikuwa nalala na panga chini ya godoro.

Akashusha pumzi. "Basi rangi. Rangi nyeupe hukipanua chumba."

Ndivyo nilivyogeuka fundi. Yeye alikaa nje, mgongo kwenye ukuta, akinipa maelekezo kwa sauti, nami ndani nikiyatekeleza, mama akitutazama, yaani akinitazama mimi na kuusikiliza ukuta. Nisawazishe kwanza, kwa sababu mabonde huleta kivuli, na kivuli huusogeza ukuta karibu. Nisipige ule mkanda mweusi wa chini ambao kila nyumba inao, unakikata chumba kiunoni. Mlango na mbao za paa nizipake rangi ileile, jicho likose mahali pa kusimama. Kwenye rangi ya maji nitie bluu ya kufulia kidogo, nyeupe ipoe.

Kwa kusawazisha nilikosa udongo laini. Jirani yangu mmoja, mama aliyekuwa akigonga mawe ya dhahabu kwa kibarua, akaniambia nichukue marudio, ule udongo unaobaki mawe yakishasagwa kwenye karasha na dhahabu ikishaoshwa. Ulikuwa umerundikwa pale bure, laini kama unga wa muhogo. Nikabeba viroba sita. Nikapiga lipu nene, nikiimba. Habari za zebaki, ile dawa ya kunasia dhahabu inayobaki kwenye udongo huo, hakuna aliyetuambia. Nilizisikia miaka mingi baadaye: nilikuwa nimemzungushia mama sumu pande nne kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa nyimbo za kanisani.

Rangi ilipokauka niliingia nikadhani nimekosea mlango. Sitanii. Stoo ya mahindi ilikuwa imeondoka. Kuta zilikuwa zimerudi nyuma, paa limepanda, na mwanga wa mlangoni ulikwenda hadi pembeni ukarudi. Nilipiga vigelegele. Mume wangu akauliza kutoka nje, "Kimekuwa kikubwa?" Nikamjibu, "Ukumbi!"

Mama aliangalia kila upande, polepole. Akasema, "Nesi... yuko..."

Sikungoja. Nilitoka mbio nikaanguka kwenye kigoda cha jikoni nikalia. Niliona akili ya mama imekwenda, anajiona bado yuko wodini. Rangi niliyompakia kwa mapenzi ndiyo iliyommaliza. Jioni alikula vijiko vitatu, akaomba Susuni. Hivyo hivyo kwa miezi miwili: vijiko vitatu, na Susuni. Alikonda hadi pete ikamtoka kidoleni.

Siku moja ya gulio nilikuwa narudi na dagaa wangu, nikasikia nyundo zinatoka kwangu. Nikakaza mwendo. Nyuma ya nyumba palikuwa na baiskeli tatu na rundo la viroba, na mlango wa mama ukitoa vumbi. Nilichungulia. Dagaa walinianguka.

Vijana watatu, sura ngeni, walikuwa ndani ya chumba cha mama wakiukwangua ukuta wangu kwa panga na tindo. Jirani yangu yuleyule alikuwa amepiga magoti, akikinga kwa ungo. Kuta tatu zilikuwa zimeshabaki udongo mtupu. Na mama, Mungu wangu, mama alikuwa ameegemea mito, kitenge kimejaa vumbi, mkono wake mzima umenyooka akiwaelekeza.

"Mura," alimwita kijana mmoja kwa Kikurya. "Pale. Bado."

"Nani kawaruhusu?" Nilipiga kelele hadi sauti ikapasuka.

"Mama mwenyewe," jirani akajibu bila aibu. "Tulikuja kwako hukuwepo. Wamekuja watu wenye dawa, wanatoa tena dhahabu kwenye marudio. Kule karashani watu wanafagia hadi njia. Nikakumbuka viroba vyako."

Nilimgeukia mama. "Umewapa ukuta?"

"Nime... wapa..."

"Wamekudanganya! Wamekuona mgonjwa, wamekuona huwezi..."

"Mama," kijana mmoja akanikatiza, panga mkononi, kwa adabu kabisa. "Shikamoo. Tunaomba umwache amalize."

Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, na huyu nilikuwa hata simjui, amesimama kwenye vumbi la ukuta wangu. Mama akavuta pumzi.

"Nimewapa... udongo," alisema. "Wao... wanipe... tundu."

Akaelekeza ukuta wa mbele, ule wa kuelekea barabarani. Mtaimbo ulikuwa tayari umeshaanza kazi pale.

Wakati huohuo mume wangu alikuwa amefika kutoka kazini na kusikia nyumba yake inavunjwa. Kuingia hawezi. Akazunguka nje akasimama nyuma ya ukuta uleule, akipiga kelele, "Nguzo! Msiguse nguzo!" Hakumaliza. Matofali matatu yaliangukia miguuni pake, mwanga ukaingia kwa kishindo, na katikati ya lile tundu ikatokea sura yake yote, mdomo wazi, hatua mbili kutoka kitanda cha mama mkwe wake.

Vijana waliinamisha vichwa, maana nao ni watoto wa Kikurya. Mimi nilishaanza kuwaona wazee wa ukoo wamekaa, mbuzi wa faini amefungwa, na maneno ya mwaka mzima. Mume wangu alijifunika uso kwa kofia, ila akasahau kukimbia.

"Mkwe... asi..."

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nakuambia, ilikuwa kazi ngumu kuliko lipu.

"Asiondoke," mama akamaliza. "Fremu... aweke yeye. Huko huko... nje."

Ikawa hivyo. Nilitundika khanga kwa ndani, yeye akafunga fremu na nondo kwa nje, kofia imemfika puani, na wazee walipokuja kuuliza hawakupata kosa la mtu aliyekuwa kwenye uwanja wake. Kuta nikazisiriba kwa udongo wa kawaida. Zikawa za kahawia na sikuzipaka kitu. Mama alitazama watu wanaopita kwenda mashimoni, wakamwamkia shikamoo, akawajibu marahaba, neno moja zima lisilokatika. Uji aliumaliza. Susuni hakuitaja tena.

Ilipita kama wiki ndipo nikamuuliza kama rangi yangu kweli ilikuwa mbaya. Nikang'ata mdomo nikangoja.

"Nzuri," alisema. "Ya hospitali. Nilikutania... nesi yuko wapi... ukakimbia." Upande mmoja wa mdomo ukacheka. Kisha akaelekeza mkono barabarani. "Siku ile ya kwanza... nilitaka kusema... kuta hizi... zinanifichia watu."

Nilikaa kwenye kigoda. Maneno manne tu, nami nilikuwa nimeyapaka rangi nyeupe kwa mikono yangu miwili kabla sijayasikia.