Neno moja la Kifaransa kwenye ripoti ya ini lilivyomfanya mzee ajenge nyumba kwa siku moja

Wakuu, salamu kutoka Kisumu.

Hii nimeiandika na kuifuta mara nne. Yote yalinitokea mimi mwenyewe. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa sababu mwenye ini yuko hai na huwa anasoma mambo kwenye simu ya mkewe.

Nina digrii ya ualimu, somo la Kifaransa. Kazi bado. Kwa sasa nakaa kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti karibu na soko la Kibuye, nachapa CV za watu wanaotafuta kazi kama mimi. Mlangoni nilibandika karatasi: TAFSIRI YA KIFARANSA. Kwa mwaka mzima ilileta mteja mmoja, dada aliyetaka kujua mchumba wake wa Kinshasa alimaanisha nini.

Mjue pia kwamba mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango narudi kuhakikisha nimefunga. Halafu njiani nawaza kama nilipoujaribu sikuufungua.

Basi akaja Mzee Ochieng na mkewe, Mama Atieno. Mzee alikuwa amerudi kutoka Bujumbura, ambako alitengeneza injini za boti kwa miaka mingi. Alipougua huko walimdunga sindano kwenye ini, wakatoa kipande kidogo na kukipima kwa darubini. Ripoti ilikuwa kurasa mbili, Kifaransa kitupu. Daktari wake wa hapa alimwambia ailete kwa Kiingereza siku ya kliniki, Alhamisi, ndipo aanzishiwe dawa.

Nilikubali kabla sijafikiri. Nikafikiri baadaye, siku mbili mfululizo.

Kulikuwa na maneno "fibrose en ponts". Ponts ni madaraja. Madaraja kwenye ini la mtu? Nilitafuta mchana kutwa mpaka nikapata kwamba madaktari wa Kiingereza nao husema bridging fibrosis. Ni makovu yanayoungana kutoka sehemu moja ya ini hadi nyingine. Nilifurahi kama nimelijenga daraja lenyewe.

Juu ya ukurasa wa kwanza daktari wa Bujumbura aliandika sababu ya kipimo: uvimbe kwenye ini, "CHC à éliminer". CHC ni kifupi cha saratani ya ini. Kwa Kiingereza herufi zinageuka, inakuwa HCC. Hizo herufi tatu nilizihakiki mara sita.

Éliminer sikuihakiki hata mara moja. Ni eliminate, kuondoa, nani hajui? Nikaandika: HCC to be eliminated. Chini kabisa, kwenye hitimisho, kulikuwa na "CHC éliminé" kwa kipande kile. Nikaandika: HCC eliminated in this sample.

Jumatatu walikuja kuchukua. Mzee aliitazama karatasi, akanirudishia.

"Mwalimu, Kiingereza ni ya daktari. Mimi niambie kwa Kiswahili."

Hapa ndipo ningesema, mzee, mimi si daktari. Nilikuwa na sentensi hiyo tayari mdomoni. Lakini aliniita mwalimu, na ni watu wachache wanaoniita hivyo.

Nikamwambia anayo hepatitis B, na ini lina makovu. Halafu nikasema, kuna saratani ya kuondolewa, na kwenye kile kipande imeondolewa.

Mzee akauliza, "Kipande kilikuwa kikubwa namna gani?"

Nikatazama vipimo. "Kama ncha ya kalamu hivi."

"Na ini ni kubwa namna gani?"

Nikajifanya nasoma vipimo tena. Mama Atieno alikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba. Mzee akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Ero kamano, nyathina." Asante mwanangu. Hiyo asante ndiyo ilininyima usingizi wiki nzima.

Ijumaa nilikuwa nasoma tovuti moja ya hospitali ya Ufaransa, kujifariji kwamba kazi niliifanya vizuri. Nikakuta maelekezo ya picha za eksirei: kabla ya mwanamke kupigwa picha, "éliminer une grossesse".

Grossesse ni mimba.

Nikasoma tena. Hospitali inaagiza kila mwanamke atolewe mimba kwanza ndipo apigwe picha ya kifua? Haiwezekani. Nilikaa na hiyo sentensi mpaka ikafunguka. Wanataka ihakikishwe kwamba mimba haipo. Kwa madaktari wa Kifaransa, éliminer ni kuhakikisha kitu hakipo. Kwa Kiingereza ni rule out.

Ripoti ilikuwa inasema hivi: tulishuku saratani, tukaangalia kipande hiki, hatukuiona.

Nilipiga simu ya Mama Atieno. Imezimwa. Nikapiga tena, na nakiri niliomba iwe bado imezimwa.

Jumamosi asubuhi nilichapa tafsiri mpya nikaenda Bondo. Walikuwa wameniambia kwao ni mbele kidogo ya hapo, ukielekea ziwani. Kijana wa bodaboda hakuhitaji maelezo mengi. "Mzee wa Bujumbura? Leo anahamia boma lake."

Kwa wasio wa huku: mwanaume Mjaluo huondoka kwa baba yake akaanzisha boma lake mwenyewe, dala. Huenda alfajiri, mwanawe mkubwa amebeba shoka, yeye amebeba jogoo, mke amebeba moto. Nyumba husimamishwa siku hiyo hiyo, na usiku wanalala humo. Kufa kabla hujafanya hivyo ni kuwaachia watoto mzigo wa aibu. Mzee Ochieng alikuwa ameahirisha miaka yote ya Bujumbura.

Nikaelewa kabla sijashuka kwenye pikipiki. Mimi ndiye niliyempa haraka hiyo.

Nyumba ilikuwa imesimama, mabati yanapigiliwa. Mzee alikaa kwenye kiti anapanga misumari, macho ya manjano, na kando yake jagi la dawa ya mizizi. Kliniki ya Alhamisi hawakwenda, maana waliona saratani imebaki ini zima.

Nilisema yote pale pale, mbele ya wazee wa ukoo, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kijaluo kibovu. Nyundo zikasimama moja baada ya nyingine.

Mama Atieno aliweka chini sufuria. "Kwa hiyo Jumatatu ulimuua, na leo unamfufua bila hata kupiga hodi?"

Nikamnyooshea ile tafsiri mpya, wakuu, hakuipokea.

Mzee ndiye aliyeuliza, "Hilo neno ni lipi?" Nikalitaja. Akalirudia vizuri kuliko mimi, maana Kifaransa cha gereji anakijua. Kisha akaanza kucheka taratibu, ameshika ubavu.

"Injini ikikataa kuwaka, mimi naanza kuondoa plagi. Halafu naondoa pampu. Si kung'oa, mwalimu. Naondoa shaka. Si plagi, si pampu, nakuja kwa ingine. Wewe uliondoa saratani ukasahau shaka."

Siku mbili za kamusi, na fundi wa boti akanimalizia kwa neno moja la Kiswahili.

Nikamwambia nililopaswa kusema Jumatatu: mimi si daktari, sijui ule uvimbe ni nini, na hepatitis na makovu yapo kweli, kwa hiyo lazima kliniki. Na lile jagi alionyeshe daktari kabla hajanywa tena. Mama Atieno hakungoja daktari. Alilimwaga nyuma ya nyumba.

Mzee mmoja wa ukoo aliuliza kama basi kazi isimame.

"Isimame kwa nini?" akasema Mzee Ochieng. "Mlitaka nihamie nikiwa maiti? Pigilieni."

Usiku ule alilala kwenye boma lake. Jumatatu nilimsubiri mlangoni mwa kliniki na karatasi mpya. Daktari aliweka tafsiri zote mbili mezani, akaniuliza kama ninajua tofauti yake. Nikasema ninajua sasa. Mzee ameanza vidonge na atakuwa anapigwa ultrasound mara kwa mara. Ini bado ni bovu. Ila linaangaliwa.

Nikienda kumwona huwa anawaambia wageni, "Huyu ndiye alinijengea nyumba." Wanacheka. Mama Atieno hacheki, lakini siku hizi ananiletea chai.

Nilichojifunza: neno gumu halikunidanganya, kwa sababu nililiogopa. Lililonidanganya ni lile lililofanana na ninalolijua. Na mtafsiri akiulizwa "maana yake nini kwangu," amwelekeze mgonjwa kwa daktari, hata kama ameitwa mwalimu.

Ile karatasi ya mlangoni niliitoa. Jana nimeirudisha. Leo asubuhi nimeitoa tena.

Wakuu mnaotafsiri, manesi, hata mafundi: ni neno gani rahisi liliwahi kuwaponza? Na mngekuwa mimi, mngeiacha karatasi mlangoni?