Mtoto wa Mama Wachu

Ndosho hakuna mtu anayeweza kukujia kimya kimya. Mtaa wetu, ulio magharibi mwa mji wa Goma, umekaa juu ya lava iliyopoa, na kila hatua inayokanyaga pale inatoa sauti yake, kru, kru, kama mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga. Nilipokuwa na miaka kumi niliweza kumtambua kila jirani kabla hajafika mlangoni: fundi wa baiskeli aliyeburuta mguu wa kushoto, mwalimu aliyetembea kama anayehesabu, na dada yangu Masika aliyekimbia hata pasipo na sababu. Msimu ninaousimulia ulikuja na hatua ngeni. Zilikuwa nyingi, nzito, hazina haraka, hatua za watu waliokwisha kutembea siku mbili kutoka Rutshuru. Waasi walikuwa wameshika barabara ya kaskazini, na familia nzima nzima zilishuka kuelekea mjini zikiwa na sufuria, magodoro na watoto waliolala migongoni. Kambi ya maturubai ikaota kule Kibati. Mvua ilinyesha kila alasiri, na hewa yote ikanuka moshi wa kuni mbichi na mawe yaliyolowa.

Mimi mwenyewe nilifika Ndosho kwa safari ya namna hiyo. Mlima Nyiragongo ulipomwaga moto wake mjini nilikuwa na miaka mitatu hivi. Mwanamke aliyekuja kuwa mama yangu alinikuta kando ya barabara ya Sake, nimekaa juu ya godoro la mtu, mguuni nina kiatu kimoja. Aliitwa Mama Masika, kwa kuwa mtoto wake wa kwanza ni Masika, na kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Alikuwa Mnande, ametoka Butembo mwezi mmoja tu kabla ya siku hiyo, na Kinyarwanda, lugha ya wengi wa huku, hakukijua hata salamu. Aliniuliza jina langu, sikujibu. Aliniuliza nilikuwa na nani, nikalia, "Mama Wachu. Mama Wachu." Kwake hilo lilikuwa jibu kamili: ikiwa mama yangu ni Mama Wachu, basi mimi ni Wachu. Alinipeleka kwenye meza walipoandikishwa watoto waliopotea, na karani, ambaye alitoka mbali kuliko yeye na hakukijua Kinyarwanda pia, akaandika hivyo hivyo kwenye kadi: Jina, Wachu. Mama, Mama Wachu. Orodha zikabandikwa kwenye kuta za makanisa. Hakuna aliyekuja. Miezi ilipopita, Mama Masika akanipa jina la Kavira, ambalo Wanande humpa binti wa pili, na ile kadi akaifungia ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati.

Nililelewa vizuri, nalisema hili mapema ili nisimwonee mtu. Nililala kitanda kimoja na Masika, nilichapwa alipochapwa, na Papa, dereva wa malori ya Butembo, alituletea viazi vile vile. Lakini mtaa una masikio. Watoto waliniita mutoto ya volkano. Siku moja tukiruka kamba, binti wa fundi wa baiskeli aliniambia, bila hata ubaya, kama anayenieleza kanuni ya mchezo, "Batu banakimbia na vitu vya maana. Weye balikuacha." Masika alimvuta nywele mpaka wakatenganishwa. Mimi nilibaki na ile sentensi. Tangu siku hiyo sikujiuliza tena mama yangu ni nani. Nilijiuliza alibeba nini. Nilitazama vitu vya nyumbani kimoja kimoja, redio, ndoo, pasi ya mkaa, nikijaribu kukisia ni kipi kingeweza kuchukuliwa mimi nikaachwa.

Mwaka huo direkta wa shule alidai cheti cha kuzaliwa kwa kila mtoto, na mimi sikuwa nacho. Mama akalishusha kopo. Alikuwa akishona sare za shule barazani, na siku ile alikuwa amekaa na mteja mmoja kutoka kambini, mwanamke mrefu mwenye fulana ya kiume, aliyekuja kushonewa mkoba uliokatika mkanda njiani. Mama alikuwa amempa chai. Aliniambia nimsomee kadi ili aone kama direkta ataikubali, maana macho yake yalikuwa kwenye sindano.

"Jina, Wachu," nikasoma. "Mama, Mama Wachu."

Mwanamke yule akaacha kupuliza chai. "Mama wacu ya nani?"

"Ya huyu," Mama akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Huyo njo mama yake. Tulimutafuta Goma yote."

"Mulitafuta mama wacu?" Akaanza kucheka, akaweka kikombe chini kisimwagike. "Mama, mungemupata wapi? Kila mutu iko na mama wacu yake. Miye peke yangu niko nabo watatu."

Mama hakucheka. Mwanamke naye akaacha, akaeleza taratibu. Mama wacu, ambalo kwao huandikwa kwa c na kusomwa wachu, si jina la mtu. Kwa Kinyarwanda ni dada wa mama, awe mkubwa au mdogo. Yule mtoto wa godoroni hakuwa amemtaja mama yake hata kidogo. Alikuwa akimlilia mama yake mdogo, aliyekuwa naye siku ile.

Mguu wa Mama ukasimama juu ya kikanyagio cha cherehani. Nakumbuka niliyaona mawazo yakipita usoni pake kama watu wanaopita mbele ya taa. Miaka saba tulikuwa tumemtafuta mwanamke asiyekuwapo, na mahali fulani kulikuwa na mwanamke aliyepita kwenye orodha zile zile akitafuta jina lingine, akaondoka. Angeweza kunyamaza. Mgeni alikuwa mtu wa kambi, kesho angekuwa pengine. Alimaliza mkanda wa mkoba, akakata uzi kwa meno, akashika mkono wangu wa kushoto na kuukunjua mbele ya yule mwanamke. Pembeni mwa kidole changu cha mwisho kuna uvimbe mdogo kama punje ya mtama, pale kidole cha sita kilipofungwa uzi nikiwa mchanga mpaka kikadondoka.

"Ukifika kambini, uliza batu ba Rutshuru," Mama akasema. "Nani alipoteza mutoto ya dada yake siku ya moto. Mutoto ya kidole hii."

Mgeni alipoondoka, nilimuuliza kwa nini amemwambia. Nilimuuliza kwa hasira, kana kwamba amenipa kwa mtu. Alirudi kwenye sare zake. "Kuna mama mahali fulani," alisema, "anazania umekufa." Na siku zilizofuata hakuniangalia sana. Alinikatia gauni jipya, akalirefusha pindo kuliko kawaida, gauni la kuvaliwa miaka miwili. Masika alisema ananishonea kwa sababu ninaondoka. Nilichukia lile gauni.

Siku ya tisa nilisikia hatua mbili mlangoni. Moja niliitambua, ya mwanamke mrefu. Ya pili ilikuja, ikasimama, ikarudi nyuma, ikaja tena. Aliyeingia alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge kilichopauka, na hakunitazama usoni. Aliomba mkono. Akaipapasa ile punje kwa kidole gumba, akakaa chini sakafuni pale pale, kiti kilichokuwa wazi hakukiona. Aliniita Uwimana. Jina hilo sikulijua, lakini sauti iliyolitamka ilinifanya nigeuke, na Mama aliona nilivyogeuka.

Huyu ndiye aliyekuwa mama wacu, na kwake ndipo nikasikia jinsi ilivyokuwa. Mama yangu mzazi alikuwa Rutshuru, amejifungua mtoto mwingine, nami niliachwa Goma kwa huyu mdogo wake, aliyekuwa na meza ya nguo katika mtaa wa Birere. Moto uliposhuka, alimwona jirani mwenye chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili tunalobebea mizigo, anapita na godoro lake. Akaniweka juu ya godoro, kisha akageuka kuchukua nguo. Alipogeuka tena, barabara ilikuwa imejaa vichwa. Lava ikaukata mji katikati, yeye akasukumwa kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na mimi kuelekea Sake. Jirani yule hakuonekana tena. Mama wacu alisoma orodha zote, akatafuta Uwimana, hakumpata.

"Niliacha nguo," aliniambia. "Kiatu yako ingine ilibakia mu mukono yangu. Ile njo nilibeba."

Nikamuuliza swali nililolibeba tangu siku ile ya kuruka kamba. "Hamukunitupa?"

"Kukutupa?" Alishangaa hata akasahau kulia. "Ulipandishwa wa kwanza. Mbele ya kila kitu."

Sijui kuueleza wepesi ulioniingia. Nilitoka nje, nikaenda hadi kwa fundi wa baiskeli, nikamwambia binti yake, "Nilipandishwa wa kwanza," nikarudi. Hakuelewa. Haikunihusu.

Mama mzazi alikuja Jumapili, na mdogo wangu ambaye sikuwahi kumwona. Mama Masika alikuwa amepanga nguo zangu ndani ya mfuko, gauni jipya juu kabisa, na amevaa kama mtu anayekwenda mazishini. Walikaa wakitazamana, hawana lugha moja nzuri kati yao. Mama mzazi akauona mfuko. Akausogeza kwa mguu mpaka chini ya meza.

"Miye nalala chini ya turubai," alisema. "Sikukuya kumubeba. Nilikuya kuona kama anakula."

Mama Masika akaenda jikoni, akarudi na sahani yangu, akaiweka mbele yangu. Nikala huku wote wananitazama, mlo mrefu kuliko yote niliyowahi kula. Katikati yake Mama Masika alilala usingizi pale kitini, mchana kweupe, kinywa wazi. Alikuwa hajalala siku kumi.

Leo nimekaribia umri aliokuwa nao Mama Masika siku ile. Vita vimepita hapa na kurudi zaidi ya mara moja, na mlima umemwaga tena. Siku hizi picha ya mtoto aliyepotea huzunguka kwenye simu mji mzima kabla ya jioni, nasi tulikuwa na kadi na ukuta wa kanisa. Siwezi kusema mji umepona. Makarani bado huandika wanachokisikia. Lakini vita vya mwisho vilipomfukuza tena mama yangu wa Rutshuru, hakwenda chini ya turubai. Alikuja Ndosho moja kwa moja, na hajaondoka. Ninapoandika haya mama zangu wawili wako jikoni, wanagombania maharagwe. Mmoja anataka mawese, mwingine anasema mawese yanaua ladha. Nasikia wakinitaja katikati ya ugomvi, huyu Kavira, huyu Uwimana, kila mmoja akidai najua nani ana haki. Niko chumba cha pili, mlango uko wazi, na hakuna anayenitafuta.