Jiko la Mkaa Chini ya Injini

Jirani yangu hapa Njombe, yule aliyekuwa akisafirisha parachichi hadi Makambako kwa gari lake dogo la mizigo, amefariki. Alikutwa asubuhi ameketi kwenye usukani ndani ya banda la gari, milango imefungwa, na chini ya injini jiko la mkaa limebaki majivu. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sina desturi ya kumpaka marehemu asali. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, mkarimu wa chai; alikuwa pia mtu wa kuamini lolote, mradi limesemwa na wengi. Hilo la mwisho ndilo lililomuua, na sioni heshima yoyote katika kulifukia pamoja naye.

Gari lile la dizeli lilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Likizimwa mchana na kuwashwa tena, liliwaka bila shida. Likilala usiku kucha, asubuhi stata ililia mpaka betri ikachoka. Kwetu kila kisichoeleweka asubuhi husingiziwa baridi, naye alikuja mlangoni kwangu amejifunga blanketi, akanisalimu kwa Kibena, akitaka nimsaidie kusukuma.

“Kamwene, Mwalimu. Gari limepigwa na baridi tena.”

“Gari halina mapafu. Nani kakwambia?”

“Madereva wote wa Makambako.”

“Kuna aliyeligusa?”

“Mwalimu nawe! Unataka waliwekee kipimajoto kwapani, kama mtoto wa kliniki?”

Nilikwenda nikafungua boneti, nikabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli. Ilikuwa laini na tupu, kama chuchu ya mbuzi aliyekwisha kukamuliwa. Nikaibonyeza mpaka ikawa ngumu, nikamwambia apige stata. Likawaka papo hapo, katika baridi ileile. Nikamweleza kwamba kiganja changu hakikuipasha joto injini; kilichofanyika ni dizeli kurudishwa mahali pake. Usiku ilikuwa ikirudi kwenye tangi kwa sababu kuna mahali palipoingiza hewa: atafute mpira uliopasuka au kibano kilicholegea. Alicheka mpaka akafuta machozi. “Umeliombea, Mwalimu!” Kisha akabadilisha betri, akafumua stata, akanunua plagi mpya za kupasha injini, na mwisho akafuata ushauri wa stendi: jiko la mkaa chini ya injini, banda lifungwe joto lisipotee. Nilimwonya kwamba moshi wa mkaa usioonekana huua. Akanijibu kwamba asichokiona hakimtishi. Katika nchi ya mbao hatukosi mafundi wa kuziba nyufa. Banda lake halikupitisha hata upepo wa Julai. Alfajiri moja akaketi ndani ya gari kungoja injini ipate joto.

Daktari alisema ni hewa ya mkaa. Daktari alisikilizwa kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni anayesifia ugali. Msibani tayari palikuwa na jibu jingine. Mjane wa kaka yake, mwanamke wa kutoka Ludewa, aliishi uani pale akitunza miti ya parachichi aliyoachiwa na mumewe. Kila asubuhi marehemu alimwomba makaa yaliyokolea, naye alimpa. Basi ikasemwa kuwa mkono wake una jambo, kwamba alimzika mume na sasa amemzika shemeji. Kikao cha ukoo kiliitishwa kuamua kama abaki au arudi kwao bila mti hata mmoja. Mimi sikualikwa, lakini nilikwenda.

Niliomba tutoke wote hadi bandani. Milango ikiwa wazi, bila jiko, niliupapasa mpira wa dizeli nikakuta umepasuka karibu na chujio, umelowa mafuta. Nikaukata pale palipochanika, nikaubana upya, nikatoa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli. Nikawaomba waliache gari lilale na wasiamue lolote. Kesho yake asubuhi, jalidi ikiwa imetanda juu ya nyasi, nikapiga stata mbele yao. Likawaka bila kusukumwa wala kupashwa. Nikawaambia: jiko lile halikuwa na kazi yoyote pale isipokuwa kuua, na aliyeliwasha na kujifungia nalo ni marehemu mwenyewe.

Baba mkubwa wa marehemu, aliyeongoza kikao, alinitazama kwa upole. “Mwalimu, umetuonyesha kwa nini gari halikuwaka. Hujatuonyesha kwa nini mtu hakuamka.”

“Daktari amewaonyesha.”

“Daktari alikuwamo bandani?”

“Na huyo mchawi wenu, mlimwona bandani?”

Mtu mmoja alikohoa. Mzee akasema, “Unasema kweli, Mwalimu. Lakini aondoke tu.”

Walimpakia mjane mchana uleule, yeye na godoro lake, katika gari nililolitengeneza. Nilisimama kando ya barabara. Aliniita kutoka nyuma, juu ya godoro: “Asante kwa gari, Mwalimu. Wangenitembeza kwa miguu.” Wiki hiyohiyo wakachuma parachichi zake.

Kwa muda mrefu nilidhani adui yangu ni ujinga, na ujinga nilijua kuutibu: mpe mtu ushahidi, mshikishe kwa mkono wake. Sasa nasema vingine. Jirani yangu aliipenda baridi kwa kuwa baridi haikumdai achunguze kitu. Ukoo wake uliupenda uchawi kwa kuwa uchawi uliwaachia shamba. Uongo unaodumu kijijini haudumu kwa kukosa shule. Unadumu kwa kuwa kuna anayeuvuna. Ukiletewa habari ya kusikia, usiishie kuuliza kama ni kweli. Uliza pia itamlisha nani.