Kutafuta Kaburi kwa Mashine ya Mjomba

Watu wa Mlabani wananijua kwa mambo mawili: kutengeneza redio na kukasirika. La tatu hulisema nikishapita: "Huyo, mtafuta mali ya Mjerumani." Wacha waseme. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyeniachia ile ditekta, mashine ya kutafutia vyuma ardhini, na kweli yeye aliamini kwamba Wajerumani walizika masanduku ya dhahabu bonde hili walipokuwa wanakimbia vita. Mimi miaka yote nimepata maganda ya risasi, vifungo vya koti na bati la kopo. Dhahabu, hata ya kuziba jino, sijaiona.

Mashine yenyewe kuukuu. Haina kioo cha kuonyesha namba kama hizi za siku hizi. Mkanda wake ni mpira wa ndani wa baiskeli, na kisanduku cha betri nilikitoa kwenye redio ya mteja aliyeikimbia. Lakini inasikia mbali chini, na mimi naijua sauti yake. Chuma kikubwa hunguruma, kidogo hulia kwa wembamba. Mama hakuipenda hata siku moja. "Unamwamsha nani huko chini?" ndiyo ilikuwa salamu yake kila akiniona nimeibeba.

Kwa hiyo alipokuja kibandani kwangu asubuhi moja na kusema, "Chukua mashine yako twende Kivukoni," nilidhani anaumwa.

Shamba letu la zamani liko huko Kivukoni, karibu na mto. Wazazi walilihama kabla sijazaliwa, baada ya mafuriko, na tangu hapo kila masika mto Kilombero umeongeza tope juu ya tope mpaka pakawa uwanda mtupu wa majani. Sasa mfereji wa kupeleka maji kwenye mashamba ya mpunga ulikuwa unachimbwa kupita hapo hapo. Makaburi yaliyoonekana yalishapakwa chokaa ili yahamishwe kwa heshima. Letu halikuonekana. Na ndani ya shamba lile amelala kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, aliyefariki kabla hajajua kutembea vizuri. Mimi nilizaliwa baada yake nikapewa jina lake, maana ukoo wetu hauachi jina lipotee. Mama alitaka mwanawe atolewe kabla katapila halijamfikia. Hakutaka kingine.

Tulipofika, katapila tuliliona kwa macho. Lilikuwa linakuja moja kwa moja, linakata ardhi na kuitupa pembeni. Dereva wake, mtu mzima aliyetoka huko kwenye mashamba ya miwa, alishuka akamwinamia mama. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna mtoto wangu hapo mbele."

Dereva akavua kofia, akatazama majani matupu. "Pole sana mama. Lakini nimeambiwa nisimame penye chokaa tu, na mvua ndizo hizo zinakuja. Nionyesheni kaburi, nitasimama. Bila kaburi sina la kujitetea."

"Ingekuwa mama yako ndiye amezikwa hapo, ungesema hivyo?" nilimfokea. Mama akanivuta shati. Dereva alipanda akaendelea na kazi, na hilo likanichoma kuliko matusi.

Nikafunga mkanda, nikavaa spika za masikioni, nikaanza. Nilijua ninachotafuta. Kwetu, jembe lililochimba kaburi halirudi nyumbani. Huvuliwa mpini likalazwa juu ya udongo, na hapo hubaki. Basi nikatafuta jembe. Kwenye kona ya juu mashine ililia lia ovyo, vilio vidogo vidogo vimesongamana. Takataka hizo. Nilisonya nikapita. Katikati ya shamba ikanguruma.

Nilichimba kama kichaa. Tope la Kilombero likiwa bichi hunata kwenye koleo, unachota moja unarudisha nusu. Maji yakaanza kuchuruzika ndani ya shimo. Nikapitisha mashine, ikanguruma zaidi, nikachimba tena mpaka nikazama kiunoni, na huku ardhi yote inatetemeka kwa lile dude linalokuja. Koleo likagonga. Nikaingiza mikono, nikatoa jembe, limeliwa na kutu lakini jembe kabisa.

"Mama! Nimempata!" Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

Mama alisogea, akaliangalia. Kwenye tundu lake kulikuwa na kipande cha mpini, kimeoza lakini kipo. Jembe la mtu aliyelisahau akilima. Akatikisa kichwa. "Na hata lingekuwa halina mpini," alisema polepole, "nani kakwambia mtoto wa kunyonya anawekewa jembe?"

Nikalitupa lile jembe. "Ala! Mama! Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Umebeba mashine, umekwenda zako."

"Si nilijua..."

"Ulijua ya wanaume." Macho yake yalikuwa kwenye katapila. "Mtoto mchanga hazikwi na wanaume. Tunamzika sisi wanawake, kwa panga, nyuma ya nyumba, upenuni, pale matone ya mvua yanapoangukia, ili yampoze. Na mambo hayo hatuwaambii nyinyi. Hata baba yako hakuambiwa mahali."

Nilitaka kupiga kelele. Tumemaliza muda wote kwa kaburi la watu wazima! Nikasaga meno, nikamuuliza jambo moja tu: alizikwa na chuma chochote?

"Njuga," akasema. "Alikuwa nazo miguuni, zile njuga ndogo nilizomfunga nimsikie akitambaa kuelekea mtoni. Mama yangu alitaka kuzivua. Nikamkatalia."

Na nyumba je, ilikuwa wapi? Hakujua, tope limefuta kila kitu. Hapo ndipo nilipojiona mjinga, nikajipiga kofi la paji la uso. Zile takataka za kona ya juu! Penye takataka walikaa watu. Nani mwingine angetupa vyuma porini?

Tukakimbia, mama naye anakimbia, kanga mkononi. Nikachimba kwenye vile vilio. Mnyororo wa baiskeli. Mfuniko wa sufuria. Chini yake jivu, na mabonge ya udongo ulioungua. "Jiko langu," mama alisema, na pale pale akapata mwelekeo. Akasimama juu ya jivu, akageukia mto. "Mlango ulikuwa huku. Basi nyuma ni kule." Akatembea, akasimama, akarudi kidogo. "Chimba hapa. Taratibu, mwanangu. Taratibu."

Taratibu, na katapila limeshafika karibu! Nilikwangua tabaka, nikapitisha mashine, kimya. Nikakwangua jingine, kimya. Kisha mashine ikaanza kunguruma mfululizo, nami nikatukana kwa sauti, maana halikuwa jambo la ardhini. Lilikuwa ni lile katapila lenyewe. Chuma kikubwa namna ile kikisogea, mashine haisikii kingine.

Nilitoka shimoni nikasimama mbele yake, nimepaka tope mpaka nyusi. Safari hii sikufoka. Sijui kwa nini, nguvu za kufoka ziliniishia. "Kaka," nilimwambia dereva, "yuko hapa. Simsikii kwa sababu yako. Rudi nyuma kidogo tu, nakuomba."

Aliniangalia, akamwangalia mama aliyepiga magoti ukingoni. Akarudisha nyuma mpaka mbali. Kisha akazima injini kabisa.

Sijawahi kusikia kimya kama kile pale Kivukoni. Nikashuka tena, nikapitisha sahani ya mashine chini kabisa. Kikaja kilio chembamba mno, kama mbu nyuma ya pazia. Mtu mwingine asingekisikia. Nikaweka koleo pembeni, nikachimba kwa vidole.

Njuga ya kwanza ilitoka imejaa udongo, kijani kwa kutu ya shaba. Ya pili ilikuwa kando yake. Mifupa haikuwepo, ardhi ilishaichukua. Palikuwa na udongo mweusi tu, mahali padogo, padogo sana. Nikamkabidhi mama zile njuga. Alizifuta kwa kanga, akaitikisa moja sikioni. Haikulia.

Dereva alikuwa amekuja, kofia mkononi. Mama akatandika kanga yake chini, nikaanza kumpakulia ule udongo mweusi kwa viganja, na yeye akaupokea kidogo kidogo. Ndipo akaita jina letu, mimi na kaka. Aliliita kama anavyoliita siku zote, tangu nilipopata akili, nikiwa kibandani, nikiwa uani, nikiwa nimenuna.

Maisha yangu yote nikisikia jina hilo kinywani mwa mama huitika. Siku ile nilifunga mdomo, nikamwachia mwenyewe.