Maneno Niliyoyaficha Chini ya Makala ya Kahawa

Cheka tu, msomaji, mimi mwenyewe nimejicheka hadi mbavu zinauma.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, mradi wetu wa kilimo pale Kihanga ulipata kompyuta. Nikaandika makala ya mtandaoni kuhusu mnyauko wa kahawa. Fundi akaniambia, "Chini yake weka maneno ambayo mtu akiyatafuta, makala itamfikia. Wasomaji hawatayaona."

Mtu niliyetaka imfikie alikuwa mmoja tu. Adela wa Igurwa alikuwa amehamia Kigali kwa shangazi yake, na tangu aondoke hata kibanja changu cha kahawa kilinipwaya. Nikaandika: kahawa, mnyauko, Adela, Igurwa, Kigali, nakungoja, bado sijaoa. Wiki tatu nzima nikasubiri jibu.

Nilisahau kwamba kila makala ilichapwa pia, na mwinjilisti aliwasomea wakulima baada ya ibada. Mtandaoni maneno yangu yalijificha, lakini kwenye karatasi yalikuwepo yote, na mwinjilisti wetu haruki neno. Jumapili ile alimaliza habari ya kung'oa mibuni iliyokauka, akarekebisha miwani, akaendelea kwa sauti ileile: "Kahawa. Mnyauko. Adela. Igurwa. Kigali. Nakungoja. Bado sijaoa."

Kanisa zima likanigeukia. Mama yake Adela akasimama. Nikatoa "Shikamoo, mama" kwa sauti ya kifaranga.

"Marahaba. Kila wiki unapita kwangu kuomba maji ya kunywa," akasema. "Si ungeomba anwani, mwanangu?"