Vioo Viwili vya Damu, Likoni

Jumatatu moja ya Mei, 1958, mvua ya mwaka ilinyesha tangu alfajiri, nikaingia maabara ya Likoni viatu mkononi, siku yangu ya kwanza ya kazi. Kabla ya kunipa kiti, Bwana Mkuu wa Maabara alinichoma kidole.

"Hapa kipimo twaanza na damu yetu," akasema. "Tukikosea, tukosee kwetu, si kwa mgonjwa."

Akachanganya tone langu na dawa inayoondoa oksijeni, akafunika kwa kioo chembamba. Tulipotazama kwa hadubini, chembe nyekundu zilizokuwa duara zilikuwa zimepinda mfano wa mundu. Nikaingiwa na hofu.

"Huumwi. Umerithi agizo bovu kwa mzazi mmoja, kwa wa pili jema."

Masomo yangu ni machache, naeleza nilivyofahamu. Chembe changa za damu hutengeneza protini kwa kufuata maagizo ya wazazi wawili. Huunganisha vipande viitwavyo asidi amino, na kila viwili vikishikana hutoka maji kidogo. Katika himoglobini, protini inayobeba oksijeni, kipande kimoja kikibadilika kikawa kisichopenda maji, oksijeni ikipungua protini hugandana na chembe hupinda. Kipande kimoja tu. Hadi leo nastaajabu.

Karibu na uhuru alikuja Mwanaisha wa Bofu na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa. Kipimo kikaonyesha mundu. Bakari, mumewe aliyefuatana nao, alikuwa amekwisha kumfungia mizigo arudi kwao.

"Damu mbovu kaileta yeye. Kwetu haiko."

"Basi tupe kidole, bwana," nikamwambia.

"Sitoi."

Nikajichoma mimi, nikaweka kioo changu chini ya hadubini. "Tazama. Hii yangu."

Akainama kitambo. "Nawe wafanya kazi hivi hivi?"

"Na mke wangu alalamika ninavyokula."

Akatabasamu, akanyoosha kidole. Yake ilipinda. Ya Mwanaisha pia: mtoto alirithi agizo bovu kwa wote wawili.

Mwanaisha akamwambia, "Mizigo utaifungua wewe uliyeifunga."

Akaifungua. Bakari simlaumu, nani alikuwa amemweleza? Wala tusijisifu, dawa ya kumponya mtoto hatukuwa nayo, tulituliza maumivu tu. Nimestaafu, na vijana wanajua mengi kunishinda. Ninalowaomba ni moja: kidole chenu kitangulie.

Jioni ya siku ile ya Bakari, mke wangu aliuliza kwa nini nimefunga pamba kidoleni. Nikamweleza yote. Akatazama watoto wetu.

"Kesho unipime na mimi," akasema, akapakua muhogo wa nazi na papa, tukala.