Traversi Chini ya Gurudumu

Nililichukia lile gari kabla halijaanza kuvuja. Kila asubuhi liliegeshwa mlangoni kabisa mwa karakana yetu ya mabehewa pale Kamina, mahali ambapo sisi tuliobeba mbao mabegani tulipaswa kupita, nasi tulilizunguka kwa adabu kana kwamba ni kaburi la chifu. Mwenyewe alikuwa mkuu wa karakana, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu, ambaye sote tulimwita shefu.

Gari lilikuja kutoka Ulaya likiwa na paa la turubai. Jua letu likaliunguza turubai, panya wakamalizia. Mtu mwingine angeagiza jingine. Shefu alichukua penseli akachora paa la vipande viwili vya mbao vilivyofunikwa bati, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, vya kuvuliwa wakati wa kiangazi na kurudishwa wakati wa mvua. Mchoro ule akaubandika ukutani, jina lake chini. Kisha akamwita baba mkwe wangu na kumwambia atengeneze kama ulivyo, asiongeze kitu, asipunguze kitu.

Baba mkwe alikuwa fundi wa mapaa ya mabehewa, na ndiye aliyenifundisha kushika randa miaka mingi kabla sijamwoa binti yake. Behewa alilolifunika yeye lilikwenda mpaka mwisho wa reli na kurudi na magunia ya mahindi makavu. Wakati huo alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza muda wake wa kazi, na shefu alikuwa amemwahidi mbele yetu sote kwamba akiumaliza bila doa ataachiwa nyumba yake katika kampi ya wafanyakazi wa reli mpaka afe. Ilikuwa nyumba ya matofali, vyumba viwili na baraza, namba imepakwa mlangoni kwa rangi nyeupe. Nyuma yake mama mkwe alilima lengalenga, yaani mchicha, na matembele, na alikuwa na mlimau mmoja aliouotesha kwa mbegu. Mfanyakazi aliyefukuzwa alipewa siku nane za kuondoka kampi. Katika kila nitakachosimulia hapa, nyumba hiyo ilikuwa ikining'inia juu yake.

Kiangazi kilipita salama, kwa kuwa vile vipande vilikuwa vimelala stoo. Shefu alikwenda na mke wake hadi Kinkondja kula samaki, kichwa wazi, akarudi amebabuka pua. Halafu mvua zikaanza. Siku ya kwanza alirudi karakanani suruali imelowa mapajani, kana kwamba ameshindwa kujizuia. Tuliinamia kazi zetu. Si kuvuja tu. Paa lilikuwa linagongagonga, kacha kacha kacha, ungesikia gari likija kutoka stesheni ukadhani ni mwuza masufuria.

"Muzee," shefu alimwambia baba mkwe, "hii toiture, hii paa, iko naingisha maji. Weye umechoka kazi? Kama inavuja tena, utatoka ku kampi, weye na bibi yako. Umesikia?"

"Minasikia, shefu."

Alikuwa mtu wa miaka karibu sitini, anaitikia kama mtoto wa katekisimu. Mimi nilikuwa na nyundo mkononi, na mpaka leo najua ilikuwa nzito kiasi gani.

Baba mkwe akafanya alichokijua. Aliongeza skrubu, akaongeza masitiki, ile gundi nzito ya rangi na chokaa tuliyozibia mapaa ya mabehewa, akabana vile vipande mpaka hakuna wembe ungepita. Tukalisukuma gari ndani, juu ya sakafu ya saruji, tukapanda ngazi na kumwaga madebe kumi ya maji. Ndani halikuingia hata tone. Shefu akatia mkono chini ya paa, akautazama, akaondoka bila asante. Kesho yake mvua ikamkuta barabarani, na akarudi amelowa mabega yote mawili. Safari hii alitamka neno "sabotage", yaani kuharibu kazi makusudi, na neno hilo kwa Mweusi wa miaka ile halikuwa la kuchezea.

Kosa letu lilikuwa kosa la watu wa reli. Sisi tulizaliwa kazini juu ya chuma kilichonyooka. Behewa linasimama sawa na linakwenda sawa. Ukilipima limesimama, umelipima linatembea. Hakuna kati yetu aliyekuwa na gari, wengi hata hawajawahi kulipanda. Tulipimia gari la barabarani kwenye sakafu, tukaridhika.

Mimi niliona ukweli kwa bahati tu, nikiwa nangoja kuvuka reli kwenda sokoni. Gari la shefu lilipanda kivuko kimshazari, gurudumu la mbele la kulia likiwa juu, yale matatu bado chini. Mwili wote wa gari ukajipinda. Kwenye pembe ya paa, palepale baba mkwe alipokaza skrubu nne, nikaona mwanga umepenya, upana wa kidole. Gurudumu liliposhuka, paa likajifunga, kacha. Nilisimama pale na kapu langu mpaka mwenye baiskeli nyuma yangu akanitukana.

Basi, tatizo lilikuwa mchoro. Paa lile halikupaswa kukazwa kabisa. Lilitakiwa lielee juu ya kitu laini, lijipinde pamoja na gari. Lakini shefu aliagiza skrubu, akazichora moja moja, na baba mkwe akazitia moja moja.

Sasa nimwambie vipi? Kwetu Waluba mkwe wa kiume hamkosoi baba mkwe. Hali naye sahani moja, hamkazii macho, na kulala ndani ya nyumba ya wakwe ni jambo ambalo halitajwi. Heshima hiyo tunaiita buko. Kazini tulikuwa tumeitafutia njia: yeye alizungumza na mbao. "Hii mbao inataka randa kidogo," angesema akiitazama mbao, nami ningeichukua na kuipiga randa. Miaka saba tulifanya kazi hivyo, na mabehewa hayakulalamika. Lakini mkubwa husema na mbao akimwagiza mdogo. Sikuwahi kusikia mdogo akisema na mbao kumwambia mkubwa amekosea.

Nikapita njia inayokubalika. Nilimweleza mke wangu, yeye akamweleza mama yake, mama akamweleza mumewe. Siku tatu nzima, na mawingu yanajaa upande wa Kabongo. Jibu likarudi kwa njia ileile, mke wangu akilileta huku anachambua maharagwe.

"Baba anasema, yee alifunika mabehewa mbele weye haujaota meno. Anasema paa inataka kukazwa, haitaki kubembelezwa."

"Na nyumba je? Ulimwambia mama juu ya nyumba?"

"Nilimwambia. Mama alilia. Baba alitoka inje."

Hasira niliyopata siku ile ilikuwa ya aina mbaya, ile isiyojua imwendee nani. Nilimkasirikia mzee kwa kiburi chake, nikajikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia. Nilikasirikia hata maharagwe. Na tayari shefu alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi anampeleka Kabongo mkubwa mmoja kutoka makao makuu, na wakilowa, mzee asirudi Jumatatu.

Alhamisi shefu alisimama karakanani, mikono kiunoni, akimwangalia baba mkwe anaongeza skrubu ya kumi na saba. Sote tuliona kuwa hajui tena anachofanya. Bisibisi ilikuwa inateleza na kuchana rangi. Sikuweza kustahimili. Nikaenda nje nikaburuta traversi moja kuukuu, lile gogo zito la mbao linalobeba reli, nikaliweka mbele ya gurudumu la kulia.

"Shefu, tusukume motokari huku juu," nikasema. "Utaona fasi maji inaingilia."

Watu wanne walisukuma. Gurudumu likapanda traversi, gari likajipinda, pembe ya paa ikafunuka mbele ya macho ya wote. Shefu akaingiza kidole. Akaingiza kidole cha pili.

"Nani alifunga hivi?" akauliza.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu nimepasimulia mara nyingi nikiparuka. Mchoro ulikuwa ukutani, hatua tano kutoka kwetu, na jina lake chini. Nilikuwa nimekwisha kuvunja buko, nimemsahihisha baba mkwe mbele ya kundi zima. Kulikuwa na jambo moja tu la kuongeza: ni weye, shefu, uliyechora skrubu hizi. Ujasiri wa kumvunjia heshima mzee wangu nilikuwa nao. Ujasiri wa kumwambia Mzungu neno hilo moja sikuwa nao.

Nikasema, "Imefungwa mubaya, shefu. Miye nitatengeneza."

Baba mkwe akaweka bisibisi juu ya benchi, taratibu, akaifuta kwanza. Akachomeka penseli nyuma ya sikio. Alikwenda kwenye behewa lake upande wa pili wa karakana, akanipa mgongo. Hakusema nami. Hakusema hata na mbao.

Paa nililitengeneza siku moja na nusu, na kazi ilikuwa nzuri, acha niseme. Nilitoa skrubu zote, nikabandua masitiki kwa patasi. Nikapunguza kingo za mbao kwa randa ili vipande visigusane na chuma. Nilipasua mipira ya ndani ya baiskeli, nikaibandika kwa gundi kuzunguka fremu yote juu ya vitambaa vizito vya viti vya behewa la daraja la kwanza. Nikapaka chaki ukingoni, nikafunga, nikafungua: mahali chaki haikuacha alama, niliongeza kitambaa. Chini ya maungio ya vipande viwili nikaweka mfereji mwembamba wa bati, ili maji yatakayopita juu yashukie pembeni yasishukie shingo ya mtu. Badala ya skrubu nikafunga ile mikanda ya ngozi ya kuteremshia madirisha ya mabehewa, inayovuta lakini inalegea kidogo ikihitajika. Kulabu za chuma, zilizokuwa zikipiga kelele yote ile, nikazivisha ngozi. Kisha nikalipandisha gari juu ya traversi na kulimwagia maji likiwa limejipinda. Kavu.

Jumamosi ilinyesha mvua ya kuzamisha kuku. Shefu alikwenda Kabongo na mkubwa wake, akarudi, na gari likaingia kampi kimya kabisa. Nilikuwa barazani kwangu nikila. Kimya kile kilinifurahisha, sikatai. Nilimwambia mke wangu, "Nyumba ya baba imepona." Akapiga ishara ya msalaba na kwenda kumwambia mama yake.

Jumatatu shefu akaniita ofisini. Alikuwa anacheka, kitu ambacho sikukizoea usoni pake.

"Weye njo fundi ya kweli," akasema. "Yule muzee amechoka, asipumzike namna gani? Nimeandika. Leo yee anaacha kazi. Weye unashika fasi yake, na nyumba yake vilevile. Nyumba inafuata kazi."

"Shefu, alibakiza miezi sita tu. Ulimuahidi."

"Nilisema, kama hakuna kosa. Weye mwenyewe ulionyesha kosa yake. Batu bote baliona."

Nilitoka nikapita mbele ya mchoro. Ulikuwa palepale, skrubu zake zimechorwa vizuri, na chini yake mtu amekwisha kuongeza, kwa penseli ileile, mikanda ya ngozi na mfereji wa bati. Jina lilibaki moja.

Wafanyakazi wenzangu walikuwa na methali tayari. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema nilipopita, bila kunitazama. Nilitaka kupigana na kila mmoja wao. Ningepigana kwa lipi? Siku ya nane wakwe walipanda treni na godoro, sufuria na sanduku la randa, kwenda kijijini kwao upande wa Kabongo. Mama mkwe alichimba mlimau akautoa na udongo wake, akaubeba kichwani ndani ya beseni. Baba mkwe hakugeuka. Mimi nilisimama nyuma ya mnara wa maji, mahali ambapo mkwe husimama.

Nyumba tuliichukua. Tungekataa, angepewa mgeni, na mke wangu alisema heri izagae sauti ya mtoto wetu kuliko ya mtu mwingine. Lakini nilale wapi? Chumba cha wakwe ni chumba cha wakwe, hata wakiwa hawapo. Nilizungushia baraza mbao, na humo ndimo tulimolala miaka yote minne tuliyokaa pale, watu watatu, huku chumba kizuri kimefungwa. Majirani wa makabila mengine walidhani nina wazimu.

Mvua za mwaka uliofuata, chumba kile kikaanza kuvuja. Tone moja, pembeni mwa dirisha, kila mvua. Nilipanda juu mara sita. Nilibadilisha vigae, nikaziba, nikamwaga maji, nikapaka chaki. Mimi niliyeliona tundu la gari la shefu kwa kutupa jicho mara moja, tundu la nyumba ile sikulipata. Mzee ndiye aliyekuwa akilijua. Miaka ishirini aliliziba mwenyewe bila kumwambia mtu.

Mke wangu alipokwenda kijijini kumsalimu mama yake, nilimtuma aulize. Alirudi baada ya wiki mbili na kapu la mihogo. Alipanga mihogo yote kwanza, mmoja mmoja, kabla ya kusema.

"Baba iko muzima," akasema. "Njo alijibu hivi: muambie aweke nyumba juu ya traversi, ataona fasi maji inaingilia."

Nikamwambia nimesikia. Nje kulikuwa kumeanza kunyesha, nikaenda kutafuta beseni.